Mwongozo wa Maisha ya Kila Siku kwa Mwanamume Anayeingia Nyumba ya Uanafunzi

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanamume ambaye ameshaamua, au yu karibu kuamua, kuingia katika nyumba ya uanafunzi wa Kikristo hapa Nairobi, na pia kwa ajili ya mama, mke au ndugu atakayemsindikiza mpaka getini. Wengi wanaoingia hutoka katika pombe, bangi, muguka (majani ya kutafuna yanayolevya), unga wa heroini au kamari, na wachache huja kwa sababu wokovu wao umepoa na wanataka mwaka mmoja wa kujipanga upya. Mimi niliingia kama mwanafunzi, nikakaa miezi 12, na sasa ni mlezi katika nyumba ya ndugu 24 upande wa Dagoretti. Katika muda huo wote nimeona jambo moja likijirudia: ndugu wanaoondoka kabla ya wakati ni nadra sana kushindwa na maombi au mafundisho. Huwashinda zile saa ambazo hakuna kengele inayowaita, yaani dakika 20 za kungoja chai, alasiri ya Jumapili, na usiku ambao usingizi umekataa. Kwa sababu hiyo nitasema machache juu ya darasa, na mengi juu ya jikoni, kamba ya nguo na kitanda.

Kabla ya kufika getini

Ikiwa umekuwa ukinywa pombe kila siku kwa muda mrefu, iwe chang'aa au ya chupa, usiache ghafla kwa sababu tu umepata nafasi ya kuingia. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kutetemeka na kushikwa na degedege, na kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu anaweza kuanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, hali ambayo huweza kuua isipotibiwa. Nenda hospitali kwanza, umweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata bilauri moja, kisha uje kwetu ukiwa umepita hatari hiyo. Hospitali ya Mathari, kando ya Barabara ya Thika, huwahudumia waraibu, na wenye arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, wanaweza kupata methadoni huko, dawa inayotuliza hali hiyo. NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu isiyolipishwa, 1192, ambayo hata mama aliye nyumbani anaweza kuipiga kuomba ushauri. Nyumba ya uanafunzi si hospitali, na mlezi mwenye busara atakuwa wa kwanza kukwambia hivyo.

Dawa unazotumia zije pamoja nawe, pamoja na kadi ya kliniki. Uwe unatumia za kupunguza makali ya virusi, za kifafa, za kisukari, za akili au za kifua kikuu, mwambie mlezi siku ile ile ya kwanza, mkubaliane zitawekwa wapi na utazimeza saa ngapi, na nani atakupa ruhusa ya kwenda kliniki tarehe ikifika. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na mtu anayeyakatiza katikati anaweza kuurudisha ugonjwa ukiwa sugu, tena katika bweni ambamo wanaume 8 wanavuta pumzi moja. Mtu yeyote akikuambia kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, na kwamba ukizitupa ndipo utakapoponywa, chukua mkoba wako urudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nayasema haya nikiwa mtu ninayeamini uponyaji, na ambaye huwawekea wagonjwa mikono na kuwaombea kila Ijumaa.

Uliza pia maswali ambayo watu huona haya kuyauliza. Je, ndugu akitaka kuondoka mchana kweupe, geti hufunguliwa? Je, kuna mtu anayepigwa, kufungwa au kunyimwa chakula kama adhabu? Familia itaruhusiwa kuona mahali unapolala? Kazi za ndugu zikileta fedha, hesabu yake huonyeshwa nani? Na msimamizi mwenyewe, ni nani anayemsimamia? Nyumba yenye afya haitakasirika ukiuliza. Ikikasirika, umejibiwa.

Simu huachwa ofisini, kwa kawaida miezi 3 ya kwanza au zaidi, na hili huwauma vijana kuliko kunyimwa sigara. Sababu yake ni ya wazi: ndani ya simu hiyo hiyo mna kamari, mna mikopo, na mna nambari ya muuzaji. Usiku wa mwisho nyumbani, andika kwenye karatasi nambari 5 za watu wako, kwa kuwa wengi wetu hatuijui kwa kichwa hata ya mama mzazi. Andika vilevile madeni yako yote, ya watu na ya mikopo ya simu, na kiasi cha kila moja. Wale wanaokudai ana kwa ana, wapigie wewe mwenyewe, uwaambie unakokwenda na ni lini utaanza kulipa tena. Mwenye duka aliyeambiwa ukweli husubiri, lakini aliyetorokewa humwendea mkeo kila Jumamosi asubuhi. Mwenye nyumba naye ajulishwe kuhusu kodi. Fedha zilizobaki kwenye M-Pesa mtumie mtu unayemwamini.

Mizigo isiwe mingi. Leta blanketi zito, sweta 2, ndara, viatu vya kazi, ndoo yenye mfuniko, karai dogo, sabuni ya kipande, taulo, kitambulisho, daftari, kalamu, na Biblia yenye maandishi makubwa, kwa maana taa za bweni si kali. Andika jina lako kwenye ndoo kwa rangi isiyofutika. Ndoo huleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote katika nyumba yetu.

Kengele ya saa kumi na moja alfajiri

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi ya alfajiri upande wetu huu humfanya mtu aone kwamba wokovu unaweza kungoja hadi jua lichomoze. Usianze kushauriana na kitanda. Tangu usiku weka sweta chini ya mto na ndara zikiwa zimeelekea mlangoni, ili kengele ikilia miguu ifike sakafuni kabla ya akili kuanza kutoa hoja. Tandika, kisha unawe kwa maji uliyoteka jioni, kwa sababu mgao wa maji wa jiji haufuati ratiba yetu na mara nyingi alfajiri bomba huwa kavu.

Inayofuata ni saa ya ukimya, ambapo kila ndugu hukaa peke yake na Neno. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa maana humwambia mgeni asome na kuomba bila kumwonyesha namna. Anza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu na inakwenda mbio. Usiimalize sura. Chukua kisa kimoja, ukisome mara mbili, mara ya pili ukisogeza midomo, kisha uandike mistari 3 katika daftari: Yesu alifanya nini, ni nani aliyemwogopa au kumpinga, na mimi nifanye nini kabla ya chakula cha mchana. Nasisitiza kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa nadhiri za mwezi ujao niliziandika nyingi nilipokuwa mwanafunzi na sikumbuki hata moja, bali siku niliyoandika kwamba nitamwomba radhi jirani yangu wa kitanda kabla ya saa saba, nilimwomba. Ukimaliza Marko, nenda kwenye Mithali, yenye sura 31, ambayo huenda sambamba na tarehe za mwezi, hivyo hata ukipotea siku mbili kalenda ya ukutani itakuonyesha pa kuendelea.

Maneno ya kuomba yakikauka, fungua Zaburi usome moja kwa sauti ya chini kana kwamba ni yako. Ziko 150, na nyingine ni za mtu aliyekasirika na kuchoka, hivyo huhitaji kujifanya una furaha ambayo huna. Usingizi ukikuvamia, simama, tembea ukutani kwenda na kurudi. Kama Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ni kigumu kwako, omba ile ya Habari Njema, ambayo lugha yake ni nyepesi.

Na kama hujui kusoma, tafadhali usifiche. Nimewahi kumlea ndugu hodari wa kuzungumza, aliyekaa miezi 2 na Biblia mapajani bila kufungua ukurasa wa pili, na sote tukamdhania ni mtu wa kutafakari sana. Alipokuja kunieleza, machozi yalikuwa yakimtoka. Tulimpa mwenzake wa kumsomea asubuhi na wa kumfundisha herufi alasiri, na katika mwezi wake wa 11 alisimama akatusomea mistari 6 ya Marko, polepole, kidole kikifuata kila neno, huku watu wazima 20 na zaidi wakiwa wametulia tuli.

Jikoni

Zamu ya jikoni ndiyo darasa gumu kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu nusura niondoke kwa ajili yake. Katika siku yangu ya 19, mimi niliyekuwa nimevaa tai katika ofisi ya mjini kwa miaka 9, niliambiwa na kijana wa miaka 22 kwamba sufuria ya ugali sikuiosha vizuri na niirudie. Nilitupa mwiko, nikatoka getini, nikaenda hadi stendi ya matatu. Nauli sikuwa nayo. Nilikaa pale kwenye jiwe tangu saa nane mpaka jua lilipokaribia kuzama, na kijana yule yule akaja na chupa ya chai na vikombe 2, akaketi, akamimina, bila kunihubiria neno. Tuliporudi sufuria ilikuwa bado inaningoja, ameiloweka.

Basi jifunze kazi hii kama unavyojifunza kukariri mstari. Kwa ndugu 24 wenye njaa tunatumia paketi 3 za unga za kilo 2. Maji yachemke kweli kweli kabla ya kutia unga, na wawe watu wawili, mmoja akisonga na mwingine akiishikilia sufuria kwa gunia lililoloweshwa, kwa sababu ugali wa kiasi hicho humzidi nguvu mtu mmoja na nimeona mguu ukiungua. Kabla ya kuinjika sufuria juu ya kuni, ipake nje majivu yaliyochanganywa na maji au sabuni iliyolainishwa, upate kuyatoa masizi kwa mpigo mmoja jioni. Mara ugali unapopakuliwa, tia maji baridi ndani na uuache ukoko ulowe wakati watu wanakula. Anayeanza kusugua ukoko mkavu kwa hasira hupoteza saa nzima na nusu ya waya wa kusugulia. Mahindi na maharagwe ya githeri yalowekwe tangu usiku, la sivyo utakuwa ukiongeza kuni saa nane huku kengele ya chakula imekwisha kulia na kila jicho likikutazama.

Kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote, nami naomba uishike: anayepakua hula mwisho, na mkono wake huwa sawa kwa wote. Siku ya nyama, ambayo kwetu ni moja kwa wiki, utajua hali ya moyo wako kwa kutazama kipande ulichompa ndugu mliyegombana naye jana. Mimi nilijitazama hivyo wiki nyingi kabla sijapenda nilichokiona. Ukiona umepunja, ongeza pale pale, usingoje mkutano wa jioni.

Sukuma wiki ikatwe nyembamba, kisu kinolewe kabla, na majani yaoshwe kwa maji mawili. Maji ya kusuuzia ya mwisho, yasiyo na sabuni, yapelekwe bustanini, kwa sababu mtungi wa lita 20 hukuubeba wewe peke yako, na aliyeubeba anakutazama ukiyamwaga.

Darasa na kazi

Darasa huanza saa tatu na kwenda hadi saa sita, na mlezi wa darasa atakuongoza, hivyo sina mengi. Kaa mbele. Uliza unapokuwa hujaelewa, na mstari wa kukariri urudie ukiwa unafanya kitu kwa mikono, ukifua au ukipalilia, kwa kuwa utakaa kuliko ukiurudia ukiwa umeketi.

Baada ya chakula ni kazi: kuku, bustani, useremala, ukarabati. Mtu aliyekuwa na cheo nje huomba kazi ya ofisi, na ushauri wangu ni kwamba asipewe kwa miezi 3 ya kwanza. Shika jembe. Mwili uliochoka kwa kazi halali hulala, na kulala ni sehemu kubwa ya kupona. Lakini kazi iwe na kipimo, na ndugu mgonjwa asilazimishwe. Nyumba inayowafanyisha ndugu vibarua kutwa nzima na kuwanyima darasa imeshaacha uanafunzi.

Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili

Sasa tumefika kwenye saa zenyewe. Saa kumi zana hurudishwa stoo, na hakuna kengele nyingine mpaka chakula cha jioni. Ni wakati ambao zamani ulikuwa ukielekea baa, au kijiweni kutafuna muguka, na mwili haujasahau ratiba hiyo. Muziki wa baa ya jirani huvuka ukuta, matatu hupita zikipiga honi, na mtu aliyeketi peke yake kitandani huanza kuota ndoto macho wazi.

Hamu ikija, ijue tabia yake: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na mara nyingi haichukui zaidi ya nusu saa hivi ukiwa hukuilisha. Huhitaji kuishinda milele. Unahitaji kuipitisha nusu saa. Kwanza ondoka mahali ulipo, maana bweni saa hizo ni pabaya. Pili, mwambie ndugu mmoja kwa maneno yasiyozunguka kwamba sasa hivi unatamani kunywa. Usiseme tu kwamba hujisikii vizuri, kwa maana atakuletea dawa ya kichwa. Tatu, ipe mikono kazi yenye maji: fua soksi, sugua ndoo, mwagilia miche. Sina maelezo ya kitaalamu kwa hili la maji, lakini nimelijaribu mwenyewe na nimeliona kwa wengine. Ukimaliza, kunywa maji, uangalie saa.

Tengeneza pia shughuli ya kudumu kwa kipindi hiki, ile ile kila siku kwa mwezi mzima, ili mwili ujifunze ratiba mpya. Yuko ndugu aliyejipa kazi ya kunyoa wenzake, wawili kila alasiri, naye akatoka na kazi mkononi. Mwingine alimwandikia mwanawe barua moja kila siku, nyingine hazikutumwa. Mpira ni mzuri, ila uwe na refa, kwa sababu nusu ya ugomvi tunaousuluhisha jioni huanzia kwenye goli la mawe mawili.

Bweni, ugomvi na mkutano wa jioni

Katika bweni la watu 8 atakuwapo anayekoroma, anayeomba kwa sauti saa nane usiku, na anayekopa sabuni bila kusema. Kubalianeni lugha: kwetu bwenini huzungumzwa Kiswahili, kwa sababu wawili wakinong'ona kwa lugha ya mama, wa tatu huhisi anasemwa, na nchi hii imeshatufundisha mahali hisia hiyo inakoweza kufika. Vitu vidogo viwe chini ya kufuli, si kwa kumshuku ndugu yako bali kumwondolea jaribu mtu ambaye miezi 2 iliyopita alikuwa akiuza redio ya mamake.

Ukikosewa, fuata mpangilio uliomo katika Mathayo sura ya 18: mwendee peke yake, akikataa nenda na mmoja au wawili, na hapo tu ndipo lipelekwe mbele ya wote. Ndugu wengi huanza mwishoni. Husimama mkutanoni na kumsema mtu ambaye hata hajui kwamba alikosea, kisha huita jambo hilo uwazi. Mwendee ukiwa umekula na kabla ya jua kuzama, mtafute pembeni, taja kitendo kimoja pasipo kutaja tabia yake yote, kisha unyamaze ili naye apate nafasi.

Mkutano wenyewe una asili ndefu katika Afrika Mashariki. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Kenya kabla ya mwongo huo kwisha, na watu wake walizoea kukutana katika ushirika, kuungama mbele ya wenzao na kuita jambo hilo kutembea nuruni. Wazee wetu wengi makanisani walilelewa humo. Nyumba za uanafunzi zimerithi mengi kutoka kwao, na pia zimerithi hatari yake, kwa kuwa maungamo yanaweza kugeuka simulizi ya kusisimua ambapo mtu anafurahia kusikilizwa. Sema dhambi kwa jina lake, kwa ufupi, bila kutaja jina la mwanamke au la mwenzako mliyeshirikiana. Mambo mazito, kama vile uhalifu au ulivyotendewa utotoni, mpelekee kwanza mlezi au mchungaji faraghani; kundi la wanaume 24, ambao nusu yao wataondoka mwaka huu na siri yako, si mahali pa kuanzia. Nawe unaposikiliza, usitoe ushauri. Sema tu kwamba umesikia, kisha muombee.

Taa huzimwa saa nne. Wiki za kwanza usingizi utakuwa wa vipande vipande, na pengine utaota umelewa, uamke ukitetemeka kwa hofu kwamba umeanguka kweli. Hukuanguka. Ndoto hizo ni za kawaida kwa mtu aliyeacha, nazo hupungua. Kaa kitandani, taja majina ya watu wako mmoja mmoja mbele za Mungu kuanzia mkubwa hadi mdogo, na ukiyamaliza, anza na majirani.

Jumapili, wageni na hamu ya kutoroka

Jumamosi ni ya kufua na kuanika, na jua la Nairobi halitabiriki, kwa hiyo blanketi lianikwe kabla ya saa tatu. Jumapili hutoka nyumba nzima kwenda kanisani, na njia hupita penye maduka ya pombe na vibanda vya muguka. Tembea katikati ya kundi kwa miezi ya mwanzo, wala usione haya kuomba hivyo.

Wageni huja Jumapili moja kwa mwezi. Mama atakuja na chapati na ndengu, na atakuuliza umepona. Usimwahidi. Mwonyeshe kitanda chako kilichotandikwa na daftari lako, mle pamoja, umuulize juu ya magoti yake. Usimwombe fedha. Mke akija na kimya, usimwambie kwamba Mungu ameshakusamehe kana kwamba hilo linamlazimisha na yeye. Muulize ni jambo gani lililo gumu zaidi nyumbani wiki hii, uliandike, na kama liko ndani ya uwezo wa nyumba kulisaidia, mwambie mlezi jioni hiyo. Kwa familia, naomba msilete simu kwa siri, hata akilia.

Alasiri wageni wakishaondoka ndiyo alasiri ngumu kuliko zote za mwezi. Walezi wanaojua kazi yao huweka chakula cha jioni mapema siku hiyo, na nyimbo nyingi.

Hamu ya kuondoka huja mara mbili. Ya kwanza huja katika mwezi wa kwanza, nayo huletwa na hasira. Ya pili huja karibu na mwezi wa 3 au wa 4, uso umejaa, nguo zimebana, nawe unaona umeshapona na nafasi hiyo apewe mwingine mwenye shida kuliko wewe. Ya pili imewachukua wengi zaidi, kwa kuwa huvaa nguo za unyenyekevu. Kwa zote mbili, kanuni yangu ni moja: usiondoke siku uliyoamua. Lala usiku mmoja, mwambie mlezi asubuhi, mpigieni mtu wa nyumbani, na kama bado ni kuondoka, toka getini mchana ukiwa na kitambulisho chako, dawa zako na baraka. Aliyetoka hivyo huweza kurudi. Aliyeruka ukuta huona haya kurudi, ingawa geti letu halijawahi kufungwa mbele yake.

Wiki 4 za mwisho

Mwezi wa mwisho nenda kanisa la karibu na unakokwenda kuishi, Jumapili 2 angalau, ukiandamana na mlezi, ili mchungaji na wazee wakujue kwa sura. Tafuta ndugu 2 wa pale watakaokuuliza habari zako kila wiki. Kama chumba ulichopanga zamani kilikuwa juu ya baa, hama. Kazi ya kwanza usiichague kwa mshahara peke yake. Kazi ya usiku, au ya kulipwa taslimu kila jioni, ni ngumu kwa mtu aliyetoka juzi.

Na simu, ikiwa bado iko ofisini, irudishwe wiki 2 kabla ya siku ya kuondoka, isirudishwe siku yenyewe. Iwashwe asubuhi ya siku ya kazi, ofisini, mlezi akiwa ameketi kando yako. Ujumbe wa kampuni za kamari na wa mikopo utaanza kuingia kabla hata ya salamu za mama. Funga akaunti za kamari moja baada ya nyingine, futa nambari za wauzaji na za wanywaji wenzako, na kama ni nyingi mno badilisha laini. Toa ile karatasi ya madeni uliyoiandika usiku wa mwisho nyumbani, wapigie wanaokudai mmoja mmoja kuanzia mwenye deni dogo, na mkubaliane kiasi na tarehe. Yafanye haya yote ukiwa bado unalala ndani ya geti, ili jioni ile, moyo ukiwa umechafuka kwa yale uliyoyasoma, uwe na sufuria ya kuosha na watu 23 wa kula nao.